Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu

Maiti ilikuwa imelala sakafuni kando ya mashine, kichwa kimewekewa aproni iliyokunjwa vizuri kama mto. Inspekta aliiona hiyo aproni kabla ya kitu kingine chochote. Aliyeikunja alikuwa anampenda marehemu. Hilo hakulitilia shaka, na hata kesi ilipokwisha hakulitilia.

Chumba kilikuwa stoo nyuma ya nyumba. Mashine yenyewe ya kuchonga vipuri, inayoongozwa na kompyuta, marehemu aliiunda kwa mikono yake kwa vyuma vya kuokota. Asubuhi hiyo mkono mzito wa chuma wa mashine hiyo ulimkimbilia ukamgandamiza kifua kwenye fremu.

Aliyekuwepo ni kaka mkubwa wa marehemu. Mtaani wanamwita Nusumili, maana kidole chake kinahisi chuma kilichozidi hata nusu milimita. Alisimama mlangoni mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa. Alisema alikuwa anafagia, akasikia kishindo, akazima swichi, akaita watu. Umeme ulizidi, basi. Siku ya mtu ikifika imefika.

Inspekta akamwomba amweleze mashine, yeye hajui hata kubadilisha balbu. Nusumili akaeleza bila kumtazama usoni. Mota ya servo inazungusha skrubu ndefu, mkono unasogea. Nyuma ya mota kuna enkoda, kidude kinachohesabu mizunguko na kuiambia kompyuta, tumefika hapa. Enkoda ikinyamaza, kompyuta inadhani mkono haujasogea, inazidi kuusukuma mpaka ugonge.

"Na enkoda inashikwa na nini?"

"Skrubu moja, afande. Ndogo kama punje ya mchele."

Inspekta akainama na tochi. Kila skrubu ya mashine ile ilikuwa na kimstari chekundu kilichotoka kichwani mwake mpaka kwenye chuma cha pembeni.

"Ni rangi yangu ya kucha," mke wa marehemu akasema nyuma yake. Macho yamevimba, kucha zake nazo nyekundu, rangi imebanduka. Akasema kila akiitafuta chupa yake anaikuta huku. Mumewe akishakaza skrubu anaipiga mstari, ili ikisogea tu aone. "Nilimwambia, siku hizi mashine yako inajiremba kuliko mkeo." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kilio.

Mistari yote ilikuwa mizima isipokuwa mmoja. Wa enkoda ulikuwa umekatika, nusu huku, nusu kule, hazikutani. Inspekta akaazima spana ndogo ya Nusumili, ile anayotembea nayo mfukoni, akaimulika ncha, kisha akaijaribu skrubu. Haikusogea. Imekazwa kisawasawa. Spana hakuirudisha.

Jioni daktari akapiga simu. Mbavu zimevunjika, lakini hakufa papo hapo. Alipumua kama dakika kumi.

Kituoni, Inspekta aliketi mbele ya Nusumili akamsogezea maji. Hakuyagusa.

"Kaka, skrubu inaweza kulegea yenyewe?"

"Inaweza." Akalidaka swali kama mfa maji aliyeona kamba. "Mtikisiko, afande. Ililegea, enkoda ikateleza, ndiyo mkono ukakimbia."

"Halafu ikajikaza yenyewe?"

Nusumili akageuzia uso ukutani.

"Nimeikuta imekazwa. Na spana yako ilikuwa na chembe nyekundu kwenye ncha kabla sijaitumia."

Nusumili akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Alipoanza kusema, alianzia mbali. Zamani mashine ilikuwa na skrubu ndefu kuukuu, ya kusogeza mkono, iliyokuwa inacheza. Ukiigeuza, inazunguka bure kidogo kabla haijauma, na kazi inatoka kombo. Yeye peke yake ndiye aliyejua kuivizia, kuiendea kila mara kutoka upande uleule, kusikiliza pale inapouma. Mdogo wake alikuwa akimwita mara hamsini kwa siku. Kisha zikaja skrubu mpya, servo, enkoda. Mashine ikawa inajisahihisha yenyewe.

"Akanipa ufagio," alisema. "Kwa upole kabisa. Ndicho kilichoniuma zaidi."

"Ukataka afe?"

"Nilitaka aharibu kipande kimoja. Kimoja tu, aniite nimsaidie. Nikailegeza skrubu ya enkoda. Nilijua mkono utakimbia. Nilidhani yuko kwenye kompyuta, kumbe ameinama anapima."

Inspekta akaiweka kalamu chini. Naye ana mdogo wake asiyempigia simu.

"Ukazima swichi. Ukamlaza, ukamkunjia aproni. Alikuwa bado anapumua. Kisha?"

"Nikakaza skrubu."

"Kabla ya kuita watu."

"Skrubu ni ndogo, spana ikawa inateleza. Nikarudia. Nikarudia tena."

"Yeye alikuwa anafanya nini muda wote huo?"

Nusumili akafunika uso.

"Alikuwa ananiita," akasema. "Kaka. Kaka. Kama zamani."