Saini Hailingani

Posta ya Kericho ilikuwa na kopo moja tu la gundi kwa wateja wote, na asubuhi ile ya Januari 1971 lilikuwa mikononi mwa kijana mwenye bahasha kumi na tano za kiwanda cha chai na asiye na haraka hata chembe. Nyuma yake alisimama Gesare, binti wa mchuma chai Orina, ndani ya sketi ya kijivu ya mikunjo aliyoipiga pasi mara mbili. Mkononi alishika fomu ya kuomba mafunzo ya ukeshia benki, na picha yake ndogo ya kubandika. Gesare hakuumbiwa subira. Alivumilia bahasha tatu, kisha akamwuliza kijana kama anabandika au anabembeleza watoto walale.

Kijana akageuka, akaipokea ile picha bila kuombwa.

"Dada, na hii haraka yako picha itakaa upande," alisema. "Nani atapea mtu wa upande pesa ya watu?"

Akaibandika yeye mwenyewe, ikakaa sawasawa. Jina lake lilikuwa Bethwel Kipchirchir, karani wa kupima majani mabichi, na koti lake lilinuka chai hata siku ya Jumapili. Hilo Gesare alilijua baadaye, kwa sababu Jumapili zilizofuata alizitembea naye kutoka kanisani, akilalamika kwamba benki imekawia kujibu, kwamba mvua ya Kericho haina adabu, kwamba Bethwel anatembea polepole. Bethwel alikubali yote matatu. Mzee Orina aliuliza mara moja tu kama vijana wa Kisii wenzao wamekwisha, kisha akayaacha hapo.

Mwezi wa Mei benki ikamwita Nairobi. Gesare alifurahi, akalia, akafunga sanduku usiku uleule ingawa safari ilikuwa ya wiki iliyofuata.

Mafunzo yalikuwa makali. Walihesabu noti mpaka vidole vikafa ganzi, na mkufunzi hakuchoka kuwaonya: karatasi ikifika mkononi, soma chini kwanza. Saini ikiwa si ya mwenyewe, yote yaliyo juu ni hewa. Irudishe na usibishane. Mwenzao mmoja alilipa hundi yenye saini ya kughushi siku ya majaribio, na kesho yake kitanda chake kilikuwa kitupu. Gesare akawa analala akiota saini.

Jumamosi Bethwel alipiga simu bwenini kutoka ofisi ya kiwanda.

"Unakula, mpenzi?"

"Nakula noti."

"Na mimi umeniweka wapi?"

"Kwa sefu. Na ufunguo sipei mtu."

Kisha, Septemba, simu ikanyamaza. Jumamosi ya kwanza Gesare alinuna, ya pili akaogopa, na ya tatu akakasirika kabisa. Jumatatu yake barua ikafika, anwani imeandikwa kwa mwandiko asioujua, herufi zinaangukiana. Akaifungua, na kama alivyofundishwa, macho yakaenda chini. Jina lilikuwa Bethwel, lakini saini haikuwa yake. Basi amepata mtu wa kumwandikia! Hata mapenzi sasa anaandikiwa na mtu! Hata mstari mmoja wa juu hakuusoma, mjinga yule. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika chini ya jina, "Saini hailingani," akaitia barua katika bahasha mpya na kuirudisha.

Jibu halikuja. Alipopangiwa tawi la Kericho mwezi wa Desemba, alijiapiza hatauliza habari za mtu. Hakuuliza, na wala hakutulia. Kila mlango wa benki ulipofunguka aliinua kichwa, akajichukia.

Mwisho wa Januari foleni ilifika barazani. Gesare alipokea fomu ya kutoa akiba, akatazama chini, akaziona zile herufi zinazoangukiana. Akainua macho. Bethwel alikuwa amekonda. Kalamu ilikuwa katika mkono wa kushoto, na wa kulia, juu ya kaunta, ulibakiwa na vidole viwili.

"Mlango ya lori ilinifinya, siku ya mvua," alisema. "Nilikuandikia kutoka hospitali. Nilijifundisha kwanza na hii ya kushoto, nisiandikiwe na mtu."

Gesare aliiweka fomu chini. Akamwambia hakuisoma. Alisoma chini tu.

Bethwel aliishusha kalamu. "Niliuliza kama bado utanitaka na mkono hii. Ukanijibu kwa wino nyekundu."

Mzee Obiero, keshia mkuu, alikuwa amekwisha fika, kwa kuwa foleni ilianza kunung'unika. Aliitazama saini, akatazama kadi ya zamani yenye saini ya mteja, akatikisa kichwa. Kadi mpya ilihitajika, na mtu wa benki wa kuandika kwamba anamfahamu mteja na anamfahamu kwa njia gani. La sivyo, arudi na chifu.

"Mimi namfahamu," alisema Gesare.

Alimwuliza Bethwel, kwa sauti ndogo, kama lile swali lake bado lipo. Bethwel alivuta pumzi, akasema halijaenda mahali. Basi Gesare akajaza nafasi ile, akaisukuma kadi kwa mzee.

Obiero akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Umeandika mchumba."

"Ndiyo, mzee."

"Basi hufai kushuhudia. Mtu hashuhudii mtu wake." Akalikata jina la Gesare, akaandika lake, kisha akamwonyesha Bethwel dirisha la pili. "Na hela yake pia usimlipe wewe. Aende kwa mwingine."

Bethwel akaenda nyuma ya foleni ya pili, polepole kama kawaida yake, na safari hii Gesare hakulalamika.