Siku Meli Haikufika Grenada

Kila Jumamosi asubuhi Renelle aliandamana na bibi yake hadi soko la samaki la Bridgetown, kisiwani Barbados. Kazi ya Bibi Iantha ilikuwa kutoa miiba ya samaki warukao, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani sokoni. Kisu chake kilikuwa kimekonda kwa kunolewa. Alikipitisha mara moja upande huu, mara moja upande ule, na mnofu ulilala mezani bila hata mwiba mmoja. Renelle, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alisuuza minofu hiyo na kuipanga kwenye sinia.

Wanawake wa soko hawakuchoka kumtania bibi.

"Iantha, hao samaki wote wameruka. Wewe utaruka lini?"

"Siku Mungu akinipa mabawa ya manyoya," alijibu bila kuinua macho. "Ya bati simo."

Walicheka, naye alicheka. Lakini Renelle alijua kwamba utani ule ulikuwa na kidonda ndani yake. Bibi Iantha alizaliwa Gouyave, mji wa wavuvi kule Grenada, akaja Barbados kuolewa akiwa msichana, kwa merikebu ya mizigo. Miaka ikapita, na merikebu zile zikaacha kubeba abiria. Mama yake alipofariki, Bibi Iantha alifika uwanja wa ndege, akakanyaga ngazi ya kwanza ya ndege, miguu ikakataa. Akarudi nyumbani. Dada yake mkubwa, Clementina, alimngoja kanisani, kisha akamngoja kaburini, mpaka kaburi likafukiwa. Tangu siku hiyo dada hao walisalimiana kwa simu wakati wa Krismasi tu, kama watu wanaolipana deni.

Kwa hiyo Bibi Iantha alipokaribia kutimiza miaka sabini, watoto wake walichanga wakamkatia tiketi ya meli ya kitalii, ile inayozunguka visiwa kwa wiki moja. Siku ya kwanza meli ingetia nanga Castries, kule Saint Lucia, na asubuhi ya pili Grenada. Renelle alichaguliwa kumsindikiza.

Bibi alimpigia dada yake simu mwenyewe.

"Clementina, nakuja. Kwa meli."

 Sauti kavu upande wa pili ikasema, "Nitakuwa gatini. Lakini Iantha, safari hii sitaki hadithi."

Bibi alioka keki nyeusi ya matunda yaliyolowekwa kwenye ramu, kama alivyokuwa akioka mama yao, akaifungia ndani ya mkebe wa biskuti. Alinunua na kofia nyeupe yenye ukingo mpana.

Melini, Renelle aliona kama amezaliwa upya. Kulikuwa na bwawa la kuogelea juu kabisa, na aiskrimu ya kuchota mwenyewe. Jioni ile ile alipata marafiki, na walipojiandikisha kwa mashindano ya ngoma ya watoto, mwalimu wa ngoma alimtazama akicheza, akasema, "Wewe utaongoza." Mashindano yalikuwa usiku wa pili. Renelle hakulala vizuri kwa furaha.

Bibi naye hakulala, kwa sababu nyingine. Bahari ilimvuruga tumbo. Walipofika Castries alibaki kitandani na kitambaa chenye maji usoni, na mkebe wa keki kando ya mto.

Mchana kipaza sauti kiliwaita abiria wote waende ukumbini.

"Nenda ukanisikilizie, mama," Bibi alisema. "Mimi nikisimama nitaaibika."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nahodha alisimama mbele, mtu mrefu mwenye mvi, kofia yake mkononi. Hakuzungusha maneno.

"Injini moja imekufa," alisema. "Mafundi wamejaribu, wameshindwa. Siwezi kwenda na watu wote hawa mbali na nyumbani kwa injini moja. Jioni hii tutarudi Bridgetown polepole. Grenada hatutakwenda, wala visiwa vingine. Ninawaomba radhi."

Ukumbi ulilipuka.

"Nimelipia visiwa vinne!" alipaza sauti Bwana Gittens, dereva wa basi mstaafu, jirani wa chumba chao. "Umenionyesha kimoja, tena kupitia dirishani!"

"Hata punda wangu ana akili ya kula kabla ya safari!" mwanamke mmoja alidakia. "Nyinyi hamkuikagua hiyo injini?"

Nahodha aliwaacha wamtukane. Walipochoka aliendelea: kulikuwa na boti ndogo ya abiria inayoondoka Castries jioni ile, ikifika Grenada asubuhi. Kampuni ingemlipia yeyote mwenye haja kubwa ya kufika huko, na boti hiyo hiyo ingemrudisha Barbados. Atakayetaka ajitokeze kabla ya saa kumi.

Renelle alitoka na habari hiyo mdomoni. Alipofika kwenye ngazi alikutana na wenzake wakiwa wameshavaa sketi za ngoma.

"Renelle, njoo! Tunafanya mazoezi ya mwisho. Mashindano yako pale pale, mwalimu kasema!"

Alisimama. Bibi akiambiwa, angeinuka hata kwa kutambaa, na wangeshuka wote wawili. Nani angeongoza ngoma? Ndipo akaanza kujisemesha. Bibi anatapika kwenye meli kubwa, sembuse boti? Si atakufa njiani? Si ni kumhurumia tu? Maneno hayo yalimpendeza, na alipofungua mlango wa chumba alikuwa karibu kuyaamini.

"Wamesemaje, mama?"

"Injini ina hitilafu kidogo, Bibi. Tutakwenda polepole. Asubuhi tutafika."

"Grenada?"

"Ndiyo, Bibi."

Bibi Iantha alifumba macho, akatabasamu. "Mungu ni mwema. Nenda kacheze, mwanangu."

Usiku ule Renelle alicheza kama aliyepagawa. Kundi lake lilishinda, naye akavishwa medali yenye utepe wa buluu. Watu walipiga makofi wakisimama. Kila mara makofi yalipotulia, alijiambia: asubuhi nitasema nahodha alibadili mawazo usiku.

Alipoamka, kitanda cha bibi kilikuwa kimetandikwa. Alimkuta juu sitahani, amevaa gauni jeupe na kofia nyeupe, mkebe mapajani. Tumbo lilikuwa limetulia. Alikuwa amekaa mbele kabisa, kama mtoto anayetaka kuwa wa kwanza kuona. Mbele ya meli nchi ilikuwa imeanza kuonekana.

Bibi aliitazama kwa muda mrefu.

"Renelle," alisema hatimaye. "Grenada ina milima. Ukiwa baharini unaiona imesimama kama mtu. Ile pale imelala bapa kama sahani." Akageuka. "Ile ni nyumbani. Ile ni Barbados."

"Nahodha alibadili mawazo usiku, Bibi. Nilisikia... walisema usiku."

Bwana Gittens alikuwa akipita na kikombe chake cha chai. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

"Usiku? Usiku gani, binti? Ilikuwa jana mchana! Tena mimi nilijua Bibi Iantha atapanda ile boti ya Grenada. Nikamwambia mke wangu, yule mama ana dada yake kule, hawezi kubaki. Kumbe umebaki nasi! Hongera, ulikuwa na busara. Kiboti chenyewe kilikuwa kama kiatu."

Kisha akaiona sura ya Bibi Iantha, akaondoka na chai yake.

Bibi hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliyomtisha Renelle. Alivua kofia polepole, akaiweka juu ya mkebe.

"Kulikuwa na boti?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na ulijua?"

 Medali ilikuwa bado shingoni mwa Renelle; alikuwa amelala nayo.

Simu iliponasa mtandao karibu na Bridgetown, Bibi alimpigia Kelvon, mjukuu wa Clementina, akaweka sauti ya juu kwa sababu masikio yake hayakuwa mazuri. Kijana alipokea hata kabla haijaita mara ya pili.

"Bibi Iantha! Mko wapi? Tuko gatini tangu alfajiri, hatuoni meli. Bibi yangu amekataa hata kukaa. Anasema ukitokea ni lazima umwone amesimama."

"Mpe simu, mwanangu."

"Ehe," ilisema sauti kavu.

"Clementina, meli imeharibika. Imerudi Barbados."

"Imeharibika." Kulikuwa na upepo wa bandarini ndani ya simu. "Na siku ya mama, nini kiliharibika?"

"Clementina, nisikilize..."

"Nimekungoja mara mbili, Iantha. Ya tatu haipo."

Simu ikakatwa. Renelle alitaka bibi amtaje, amwambie dada yake, ni huyu mtoto, mimi sina kosa. Bibi hakumtaja. Aliikunja leso yake vizuri, akairudisha mkobani, akakaa akiitazama Barbados inavyokaribia.

Jioni ya siku hiyo Kelvon alipiga tena. Clementina alikuwa amekataa kuondoka gatini. Alisema meli zilizoharibika hutengenezwa, labda watageuza. Alisimama juani mpaka mchana, akazirai, akaangukia ngazi za mawe. Nyonga ikavunjika. Alikuwa hospitalini Saint George's, mji mkuu wa Grenada.

Renelle alisikia hayo akiwa mlangoni. Aliingia sebuleni, akasimama mbele ya baba yake na bibi yake, akasema yote: ukumbi, boti, ngoma, uongo wa kwanza na uongo wa pili. Alisema akilia, lakini hakuruka kitu. Baba yake aliinuka kwa hasira, Bibi Iantha akamshika mkono.

"Kaa, Dalton. Hasira haiungi mfupa." Kisha akamgeukia Renelle. "Haya maneno umeyasema mahali pasipo penyewe. Mwenyewe yuko Grenada. Meli hakuna, boti imeshaondoka." Akamgeukia baba yake Renelle. "Dalton, kesho ndege inaondoka saa ngapi?"

Asubuhi yake, kwenye ngazi ya ndege, miguu ya Bibi Iantha ilikataa tena. Watu walijipanga nyuma wakiguna. Renelle alihisi vidole vya bibi vikiubana mkono wake mpaka ukafa ganzi.

"Mama yangu sikumfuata," Bibi alinong'ona. Akapanda. Alifumba macho tangu Barbados hadi Grenada, midomo ikisali, na hakuuachia mkono ule.

Hospitalini, Clementina alikuwa mwembamba kuliko walivyomdhania. Alilala chali, mguu umefungwa, macho makali. Alimtazama mdogo wake kuanzia viatu hadi kofia.

"Umekuja na nini?"

"Na ndege," alisema Bibi Iantha.

Clementina aliinua kichwa.  "Wewe? Na ndege?" Kisha kwa ukali, "Na imenigharimu nyonga kukupandisha."

"Bibi Clementina," Renelle alisema.  "Si meli iliyokufanya ungoje, wala si Bibi. Kulikuwa na boti. Mimi ndiye niliyeificha. Nilitaka kucheza ngoma. Naomba unisamehe."

 Clementina alimtazama kwa muda ambao Renelle hakuusahau maishani.

"Sogea," alisema. "Sikupigi, siwezi hata kugeuka. Nisikilize. Baba yetu alikuwa mvuvi. Injini yake ilimfia baharini mara nyingi, na hatukumchukia yeye wala injini. Kitu cha chuma huchoka. Kikichoka kinanyamaza, unajua kimechoka, unatafuta makasia. Huyo nahodha wenu alifanya nini?"

"Alituambia. Watu wakamtukana."

"Akatukanwa, akasimama. Kwa sababu alisema kweli mapema, kila mtu alipata nafasi ya kuchagua njia nyingine. Wewe ulitunyang'anya nafasi hiyo. Bibi yako angechagua, mimi ningekwenda zangu nyumbani nikakae kivulini. Safari haikuvunjwa na injini, mtoto. Habari mbaya ikisemwa mapema ni hasara. Ikifichwa, ni ajali."

Renelle alitoa medali mkobani mwake. "Nitaitupa baharini."

"Usiitupe," alisema Bibi Iantha. "Ulicheza vizuri, na kucheza si kosa. Iweke mahali utakapoiona. Ujue iliwagharimu wengine nini."

Clementina alifumba macho. Machozi mawili yalimtoka pembeni, akayaacha yashuke, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na sindano na wa pili ulikuwa umeshashikwa na mdogo wake.

"Hiyo keki ya mama ninayoinusa," alisema bila kufumbua macho. "Au nayo imeharibika njiani?"

Bibi Iantha alifungua mkebe aliokuja nao. Keki ilikuwa imekauka kingoni na kupasuka katikati. Aliikata kwa kisu cha hospitali kisicho na makali, akamlisha dada yake vipande vidogo vidogo.

Clementina hakutembea tena bila fimbo. Krismasi iliyofuata, na kila Krismasi baada yake, Bibi Iantha alipanda ndege kwenda Gouyave, akitetemeka vile vile. Na kila Jumamosi pale sokoni, wanawake walipomuuliza ni nini hatimaye kilimpa mabawa, aliendelea kukata samaki na kusema, "Muulizeni mjukuu wangu."

Renelle aliweka chini sinia, akawaeleza. Kila mara alieleza yote.