Waya wa Pinboli ya Itigi

Jumamosi asubuhi Zefania alifungua ukumbi wa iliyokuwa baa ya marehemu baba yake, karibu na stesheni ya Itigi, akasimama mlangoni. Mtu alikuwa ameifungua pinboli, ile mashine ya mchezo ya baba.

Zamani wafanyakazi wa reli walikuwa wakiizunguka mashine hiyo jioni, gololi ya chuma ikigonga kengele na kuwasha taa. Tangu Zefania akiwa mchanga haikuwashwa tena. Leo fundi angeanza kuifufua. Sasa waya wake wa umeme haukuwepo, na nyaya za ndani zilikuwa zimekatwakatwa.

Koplo Janeth wa polisi, aliyeitwa na Zefania, alikagua bila kugusa kitu. Kufuli lilikuwa zima. Kioo cha juu kilikuwa kimetolewa taratibu na kulazwa juu ya magunia. Shaba ya ndani, ambayo mwizi angeichukua kwanza, yote ilikuwepo. Kwenye vumbi palikuwa na alama za buti za mpira, ndogo.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi na mdogo wangu Fredrick. Wa akiba uko nyumbani kwa mama."

"Mna ugomvi?"

Zefania alisita. "Jana tulifokeana. Yeye anataka tuiuze chuma chakavu, ukumbi uwe stoo ya alizeti. Mimi nataka ifanye kazi. Ndiyo kumbukumbu ya baba."

Fredrick alipoitwa alikuja amefura. "Ningetaka kuiondoa ningeibeba nzima! Nikate waya ili iweje?" Akaweka mguu wake kando ya alama. Uliizidi sana kwa ukubwa.

Fundi Peniel naye alifika; ndiyo kwanza anashuka kwenye basi la Manyoni.

"Fundi," Koplo alimuuliza, "kiangazi hiki, hakuna hata tone la tope. Mtu avae buti za mpira ndani ya nyumba kwa nini?"

"Labda anaogopa shoti, afande."

Koplo Janeth aliziangalia tena zile alama. Kisha akawaambia wale ndugu wawili, "Twendeni kwa mama yenu." Fundi naye akawafuata.

Bi Martha alikuwa akipepeta uwele uani. Buti zake za shambani zilikuwa kando ya mlango.

"Shikamoo, mama," Koplo alisema.

"Marahaba."

"Mama, aliyeingia ukumbini hakuwa mwizi. Hakuvunja, hakuiba shaba. Alitaka tu ile mashine isiwake. Ni wewe?"

Ungo ulitulia mikononi mwake.

"Ni mimi."

"Mama!" Zefania alipaza sauti.

"Dada yenu Faith hakufa kwa homa," alisema bila kumtazama. "Alitoka kuoga, miguu ina maji, akakimbilia kucheza. Akaishika mashine. Baba yenu alijua ile mashine inapiga shoti, alishaambiwa. Akanisihi tuseme homa. Wewe, Zefania, ulikuwa mgongoni kwangu. Fredrick hajazaliwa."

"Kwa nini hukutuambia?" Fredrick aliuliza taratibu.

"Mlikuwa mnampenda baba yenu. Halafu wiki nzima nawasikia mnabishana iuzwe au iwashwe tena."

Zefania alichuchumaa mbele yake.

"Inaweza kutengenezwa ikawa salama," Peniel alisema kwa upole kutoka nyuma.

Wote walimtazama mama. Yeye alimtazama Zefania.

"Hapana, fundi," Zefania alisema. "Samahani kwa safari. Hatuitengenezi."

"Na haiuzwi," Fredrick aliongeza.

Koplo Janeth akaaga. Alipofika barabarani, nyuma yake Zefania alikuwa akiuliza, "Mama, Faith alikuwa anafananaje?"