Kompyuta ya Pili Nyumbani kwa Mwalimu

"Dada, umenunua kwa jirani halafu unakuja kupimia kwangu?"

Fundi aliuliza hivyo bila kuinua kichwa, maana alikuwa anachokonoa mashine aliyoifungua. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo jengo lile la maduka ya simu na kompyuta hufurika watu mpaka kwenye ngazi. Kila duka lilikuwa na redio yake na wimbo wake. Kibanda cha Fundi kilikuwa chini ya ngazi: meza moja, taa moja, viti viwili. Kwenye kiti kimoja alikuwa ameshakaa msichana, hajakaribishwa, na kompyuta aliyoinunua dakika kumi zilizopita imelala mapajani.

"Jirani yako hana subira," alijibu yule msichana. "Nimemuuliza maswali matatu tu, kaanza kuangalia saa."

"Na mimi nani kakwambia nina subira?"

"Hakuna. Nimekuona unaibembeleza hiyo mashine, nikasema huyu atanivumilia."

Hapo ndipo Fundi alipoinua kichwa. Jamani! Gauni la kijani lililomkaa sawasawa, nywele zimefungwa nyuma na kuchomekwa penseli, na macho yanayocheka kabla ya mdomo. Bisibisi ikamtoka mkononi. Akainama kuiokota, na akachelewa kidogo kule chini ya meza ili uso upoe.

Akaipima ile kompyuta kila upande. Ilikuwa ya mkono wa pili lakini nzima. Wakati anaipima, akapata habari zote bila kuuliza, maana msichana alikuwa mwongeaji. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Kwa mwaka mzima alikuwa akichorea kwenye kompyuta ya baba yake, mwalimu mstaafu, na kila siku saa kumi alinyanyuliwa kitini kwa sababu Mwalimu alitaka kucheza drafti.

"Sasa nyumbani mtandao upo," alisema. "Baba ana kompyuta yake, Mama ana televisheni na tamthilia zake. Hii itakuwa kompyuta ya pili. Itakubali kuingia?"

"Ruta, kile kisanduku cha mtandao, haina wivu, dada. Tafuta jina la mtandao wenu, andika neno la siri, imeingia."

"Na ikikataa?"

"Unanipigia."

"Na ikikubali?"

Fundi akameza mate. "Unanipigia pia."

Saa moja jioni simu yake iliita.

"Imekataa?" aliuliza haraka.

"Imekubali mara ya kwanza."

"Sasa mbona umepiga?"

"Si ulisema nipige? Au unawaambia hivyo wateja wote?"

"Wateja wengine wakipiga huwa sikai chini," Fundi akasema, na kweli alikuwa amekaa chini.

Basi, ndugu msomaji, nisikuchoshe. Miezi mitatu ilipita, na hao wawili walikufa wakaoza kwa mapenzi. Fundi alimwita msichana Mchoraji, naye akamwita Fundi, mpaka majina waliyopewa na wazazi wao yakakaa bila kazi. Mchana walitumiana picha za vyakula walivyokula mbalimbali. Jumamosi walitembea bustanini, yeye na mwavuli wake wa njano, Fundi na shati lililopigwa pasi hadi likawa na makali. Mwalimu alimjua kama kijana wa kompyuta. Mama alijua zaidi ya hapo, lakini alinyamaza, maana mama hakosi kujua.

Jumamosi moja Mchoraji alifika bustanini akiwa hatulii.

"Nimeitwa kwenye usaili," alisema. "Kampuni ya ujenzi, kubwa, Fundi! Jumatatu saa nne asubuhi, kwa kompyuta, mtandaoni. Nitawaonyesha ramani zangu, watanipa nyingine niirekebishe hapo hapo wakinitazama."

"Wee! Hongera, mpenzi wangu! Ofisi yao iko wapi?"

Akataja mji. Ilikuwa safari ya siku nzima kwa basi.

"Miaka miwili," akaongeza kwa sauti ndogo. "Ndiyo kazi niliyokuwa naiomba tangu nimalize chuo."

Fundi hakutaka aende. Badala ya kusema hivyo, akafanya mzaha, ndivyo wanaume wengi walivyo. "Nitaufunga huo mtandao wenu. Tuone utaingilia wapi."

"Thubutu!" Mchoraji akampiga na mwavuli, wakacheka. Lakini Fundi alicheka kwa meno tu, na Mchoraji aliliona hilo.

Kesho yake, Jumapili, aliyempigia Fundi simu alikuwa Mwalimu mwenyewe.

"Kijana, njoo. Naibiwa."

Mwalimu alikuwa amefundisha hisabati miaka thelathini na minne, na kichwani hakuwa amestaafu hata siku moja. Fundi alimkuta sebuleni, miwani puani, daftari mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Humu ndani mashine zetu ni sita. Jana nimehesabu kwenye ruta mashine kumi na moja! Tano ni za nani?"

"Tubadilishe neno la siri, Mzee. Ni dakika moja."

"Hiyo nimefanya mara tatu. Huyu," akamnyooshea kalamu mkewe, "kila jirani akimwomba, anampa."

"Sasa mtu akiniomba nimnyime?" Mama akajibu kutoka kwenye kochi, macho yasibanduke kwenye tamthilia. "Mimi siwezi roho hiyo."

Fundi akaeleza njia nyingine. Kila mashine ina namba yake, kama gari. Ruta ikipewa orodha ya namba, itaruhusu hizo tu, na mwingine hata akiwa na neno la siri atabaki nje. Mwalimu akafurahi kupita kiasi. Akachora mistari kwenye daftari kwa rula, akaandika juu: MAHUDHURIO YA MASHINE. Fundi akawa anasoma namba moja moja, Mwalimu anaandika kwa wino mwekundu, kisha Fundi anaziingiza kwenye ruta. Televisheni, simu tatu, kompyuta ya Mwalimu. Ya mwisho ilikuwa ya Mchoraji. Aliileta mwenyewe, akasimama karibu, akanukia sabuni na hewa ya nje, na Fundi akaisoma namba huku jicho moja likiwa pengine.

Usiku huo wote walilala kwa amani. Alfajiri umeme ukakatika kwa muda mfupi, ukarudi.

Saa nne kasorobo Mchoraji alikaa mezani kwake, blauzi nyeupe, hereni ndogo, ramani zimepangwa. Akawasha kompyuta. Mtandao ukakataa. Akaandika neno la siri upya, ukakataa. Akazima, akawasha, ukakataa. Sebuleni tamthilia ya Mama ilikuwa inaendelea vizuri kabisa, na Mwalimu alikuwa anasoma habari kwenye kompyuta yake bila shida. Lakini ramani zote na programu ya kuchorea Mchoraji alikuwa ameshazihamishia kwenye mashine yake, kwa hiyo ile ya baba isingemfaa.

Akampigia Fundi. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena, mara saba. Fundi alikuwa darini mwa shule moja akivuta nyaya, na simu aliiacha chini kwenye mkoba.

Ikabidi Mchoraji aunge kompyuta kwenye simu yake. Akaingia, amechelewa dakika sita, jasho linamtoka. Wasaili wakampa ramani airekebishe. Alikuwa anahamisha ukuta wa jiko pale bando la simu lilipokata. Alipopata jingine na kurudi, wasaili walikuwa wameshaondoka.

Alilia kwa kwikwi. Halafu machozi yakakauka, ikaja hasira. Mashine zote ziliingia isipokuwa yake. Na nani aliyeweka orodha? Na nani aliyesema atafunga?

Saa saba Fundi alishuka darini, akaona simu saba, akapiga mbio mbio.

"Mpenzi, nilikuwa juu..."

"Hongera. Umefanikiwa."

"Nimefanikiwa nini?"

"Ulisema utafunga, ukafunga! Ungeniambia usoni kwamba hutaki niende. Ningelia, tungeongea, yangeisha. Lakini kunifanyia hivi chini chini! Usinipigie tena."

Akakata. Fundi alipiga, ikawa inakataliwa. Akatuma ujumbe, haukusomwa. Jioni alikwenda mpaka mlangoni, Mama akamfungulia, akatikisa kichwa kwa huruma, akafunga.

Mwalimu ndiye aliyemkuta binti yake jikoni amevimba macho. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Waandikie. Waeleze ukweli kwamba mtandao umekugomea. Wakikataa, wakatae wao, usijikatalie wewe."

Akaandika kwa shingo upande. Jumanne mchana jibu likaja: Alhamisi, saa nne asubuhi, na hakutakuwa na nafasi ya tatu. Furaha haikumaliza dakika moja, maana kompyuta ilikuwa bado inakataa.

Jioni hiyo simu ya Mwalimu iliita.

"Mzee, ni mimi. Naomba usikate."

"Sema."

"Nimewaza siku mbili. Una waya wa mtandao, ule wa bluu uliokuja na ruta? Naomba uchomeke upande mmoja kwenye ruta na mwingine kwenye kompyuta ya binti yako. Basi. Sina ombi jingine."

Mwalimu alikuwa mtu wa kupima kabla ya kuhukumu. Akaenda na waya chumbani kwa binti yake, akachomeka bila maelezo. Kompyuta ikaingia mtandaoni pale pale.

Mchoraji akakodoa macho. "Imewezekanaje?"

Mwalimu akaweka simu kwa sauti ya juu. "Eleza, kijana. Anasikia."

Fundi akavuta pumzi. "Kompyuta ya aina hiyo ina namba mbili. Moja ya waya, moja ya hewani. Zimeandikwa moja juu ya nyingine. Nilitakiwa kusoma ya hewani, nikasoma ya waya. Kwa hiyo ruta inaijua ukichomeka, na bila waya haiijui. Umeme ulipokatika, ruta ikaamka na orodha mpya, ikakutoa nje. Ningeizima na kuiwasha siku ile ningeliona kosa. Sikufanya."

"Kwa nini hukufanya?" Mwalimu akauliza kwa sauti yake ya darasani.

Fundi akakiri.

"Nilikuwa namwangalia yeye, Mzee."

Mwalimu akakohoa, akampa binti yake simu, akatoka na kufunga mlango. Ningetaka kumaliza hadithi hapa hapa, lakini Mchoraji hakuwa wa kulainika haraka hivyo.

"Kwa hiyo hukukusudia," alisema.

"Nakuapia sikukusudia. Lakini sitakudanganya, Mchoraji. Sikutaka uende. Mpaka sasa sitaki. Nikifikiria Jumamosi bila wewe nakosa hata hamu ya kula."

"Ungesema hivyo bustanini badala ya kuleta utani."

"Niliogopa ungebaki kwa ajili yangu, halafu unichukie."

Mchoraji akajifuta pua. "Sasa? Wamenipa nafasi nyingine, Alhamisi saa nne."

"Sasa Alhamisi saa mbili nitakuwa hapo. Nitarekebisha namba, nitazima ruta mara tatu mpaka niridhike. Usipotaka kuniona, kaa chumbani."

"Saa mbili juu ya alama," alisema Mchoraji. "Na ule kwanza. Nyumbani kwetu sitaki mtu wa kuzimia."

Alhamisi Fundi alifika saa mbili kasoro robo. Alisoma namba ya hewani tarakimu moja moja, Mwalimu akaandika, wakaisoma tena wote wawili kwa pamoja. Akazima ruta, akawasha. Kompyuta ikaingia. Akazima tena, ikaingia. Mara ya tatu Mama alimwambia akiigusa tena ruta ile atamtoa nje kwa ufagio, maana tamthilia yake imekatika mara tatu.

Saa nne mlango wa Mchoraji ulifungwa. Fundi na Mwalimu walisimama ukumbini, roho juu, masikio yamekaribia mbao. Walimsikia akieleza ramani zake, kwanza kwa kutetemeka, kisha kwa sauti yake kamili. Walimsikia akihamisha ukuta, akabishana kidogo na msaili kuhusu dirisha, akashinda. Fundi alimsikiliza, akajua kabisa kwamba atapata kazi ile, na moyo wake ukauma na kujivuna kwa pamoja.

"Swali la mwisho," sauti ya msaili ikasikika. "Ni miaka miwili huku kwetu. Kuna mtu hapo atakayekuzuia?"

Mchoraji akajibu bila kuficha.

"Yupo mchumba wangu. Hataki niende, ameniambia mwenyewe. Na ndiye aliyekuja leo asubuhi kuhakikisha naweza kuongea nanyi."

Ukumbini Mwalimu akavua miwani. "Mchumba?" akanong'ona. "Tangu lini? Mbona sijaambiwa?"

"Hata mimi, Mzee," Fundi akanong'ona, macho yamemjaa machozi. "Ndiyo kwanza nasikia."

"Nyamazeni nyie!" Mama akawakemea kutoka jikoni.

Mlango ulipofunguliwa, Mchoraji alikuwa anacheka na kulia. "Wamenichukua! Naanza tarehe moja!" Mama akaacha mwiko, akamkumbatia. Kisha Mchoraji akamgeukia Fundi. "Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia."

"Nimekuita mchumba bila kukuuliza. Kama hutaki..."

"Mpenzi wangu, huko kompyuta haziharibiki?"

"Zinaharibika sana."

"Basi nipe mwezi mmoja nihamishe kibanda. Nitakufuata."

Mchoraji akataka kumrukia pale pale, lakini Mwalimu alikuwa ameshasimama katikati yao. Alikuwa amevuta kiti, na daftari jipya liko mkononi.

"Wewe binti, wako umekwisha, kapumzike," alisema, akavaa miwani. "Kijana, kaa hapa. Sasa ni usaili wako."