Mukwe Aliyerudisha Kasiksi

"Mukwe, kunywa."

Chrispin alipokea kibuyu cha kasiksi kutoka kwa Papa Gérard, akakitazama, akakirudisha kikiwa kimejaa. Pale Nyangezi, mposaji akikataa pombe ya ndizi ya baba mkwe, amekataa binti na ukoo mzima. Vita ilikuwa imeangusha Goma mwezi huo na kubakiza nusu ya wageni Bukavu kwa woga, lakini hata vita haikuwa imenyamazisha nyumba ya Papa Gérard namna ile.

Noëlla, binti mwenyewe, alimvuta mchumba wake nyuma ya jikoni. Kwamba Chrispin ana virusi vya UKIMWI, alijua. Walishaongea na daktari, yakaisha. Alijua pia kwamba chupa ndiyo iliyomsahaulisha vidonge vyake mpaka akalazwa. Sharti lake lilikuwa moja: pombe iishe, ndipo ndoa. Chrispin akamwambia amepewa dawa ya kumsaidia. Sasa asubuhi hiyo, akianika koti la Chrispin lililolowa mvua, Noëlla alikuta boksi la dawa mfukoni, akasoma karatasi iliyokuwa ndani yake.

"Imeandikwa ni ya misuli kukaza. Uliniona mujinga?"

"Iko ya misuli kweli, ya zamani. Daktari anasema waliona inapunguza hamu ya pombe. Wanaijaribu kwetu sisi wenye virusi tunaokunywa, hawajahakikisha."

"Kwa hiyo kiu yako iko kwenye misuli."

"Ya mukono huu wa kuume wenye kuinua chupa, ndiyo."

Noëlla hakucheka. Alimpigia simu Virginie, muuguzi anayemhudumia Chrispin, na Chrispin mwenyewe akamruhusu aseme yote. Virginie alithibitisha, kisha akaongeza ambalo hakuulizwa: Goma ilipoanguka Chrispin alikunywa tena, akaja kliniki kesho yake kusema.

"Juu ya nini hukuniambia mimi?"

"Niliogopa utaondoka."

"Na leo, hamu iko?"

"Iko. Ile kasiksi ilinukia vizuri sana, Noëlla."

Hapo ndipo Noëlla alipolegea. Mwongo angesema imeisha.

Chrispin alirudi sebuleni, akapiga magoti.

"Papa, mimi ni mulevi, niko kwa dawa. Sikukataa binti yako. Nikionja, nitamukosa."

Papa Gérard alikisogeza kibuyu pembeni.

"Siku utaanguka, utaambia nani wa kwanza?"

"Noëlla."

"Basi mulete chai."

Wajomba wawili walinung'unika mpaka vikombe vikapoa. Tarehe ya ndoa ilipangwa hivyo hivyo, watu wote wakiwa na akili zao.