Mgongaji wa Saa Nane Mchana

Danuta, aliyenisimulia haya, tulipanga naye ghorofa moja kule Napoli, mlango wake ukitazamana na wangu. Alikuwa Mpolandi, binti wa fundi viatu wa Lublin, aliyekuja kusoma historia ya sanaa kwa mwaka mmoja, na jioni akiosha vyombo kwenye mgahawa wa pizza. Sikumpenda sana. Alikuwa na macho ya mtu anayekupima na kukuona umepungua. Lakini kuhusu Annelot, mwanzoni sikumlaumu.

Annelot ndiye aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja. Alitoka Antwerp, Ubelgiji, baba yake ana kliniki saba za meno, na kazi yake Italia ilikuwa kujipiga picha. Miezi saba nchini, Kiitaliano chake kiliishia kwenye kuagiza kahawa na kulalamika kwamba kahawa ni mbaya; yeye na Danuta waliongea Kiingereza. Danuta alimwita "Malkia" kisogoni, na usoni alimtabasamia, maana Malkia alilipa theluthi mbili ya kodi.

Mwisho wa Mei waliamua kwenda pwani ya Cilento kwa siku mbili. Walipanda treni ya Jumamosi asubuhi, ile inayosimama kila kituo. Annelot aliweka miguu kwenye kiti cha mbele, akaziba pua kwa sababu mzee mmoja alikuwa na jibini kwenye mfuko.

"Hawa watu wananuka kama zizi," alisema.

"Wewe unanuka duka la manukato lililoungua," Danuta alijibu, lakini kwa Kipolandi.

Walishuka Sant'Elmira, kijiji cha nyumba za mawe zilizoning'inia juu ya bahari. Chumba walikodi kwa mjane mmoja, Filomena, ambaye kijiji kizima kilimwita Shangazi Mena. Mfupi, mnene, mweusi wa nguo tangu shingoni hadi vifundoni. Aliwapa mkate mkavu uliolowekwa maji, nyanya, dagaa wa chumvi na mafuta ya zeituni. Annelot aliusukuma mkate kwa ncha ya uma.

"Mwulize kama huu ndio wanaowapa kuku."

"Anasema chakula kitamu, Shangazi," Danuta alitafsiri.

Shangazi Mena alimtazama Annelot, akamtazama Danuta. Hakuonekana mtu wa kudanganywa na tafsiri. Alipangusa mikono, akaenda kwenye mlango wa barabarani, mlango pekee wa nyumba, akagusa komeo la chuma.

"Nisikilizeni, mabinti. Kuanzia saa saba hadi saa kumi mchana, hapa hatufungui mlango. Wafu wana usiku wao, tumewaachia. Lakini mchana huo ni wa kitu kingine. Kaeni ndani, laleni. Aliye nje abaki nje, aende kanisani, akae humo hadi kengele ya saa kumi. Asirudi kugonga. Na akigonga, iwe sauti ya mama yenu mzazi, hamfungui. Mwambie mwenzako. Yote."

Annelot alikuwa akijitazama kwenye kioo cha simu. "Anabwabwaja nini?"

Danuta alimwangalia yule msichana na midomo yake iliyobinuka. Akaona ni kazi bure kumwaga maneno mengi hivyo kwenye ndoo iliyotoboka.

"Anasema jua ni kali," alisema.

Shangazi Mena akaenda chumbani kwake, uani, kulala.

Saa saba ilipopita kidogo, kijiji kilifunga macho. Vibao vya madirisha vyote vilivutwa. Hata mbwa hawakuonekana. Danuta alikuwa na mabega yaliyobabuka kwa jua la asubuhi, akajilaza. Annelot akavaa nguo za kuogelea.

"Ufukwe utakuwa mtupu," alisema. "Nitapiga picha bila vitambi vya watu nyuma yangu. Wewe lala, mzee wangu."

Akatoka. Danuta aliinuka, akasukuma komeo nyuma yake. Aliniambia alilisukuma kwa raha. Akarudi kitandani, akapitiwa na usingizi.

Alipoamka, chumba kilikuwa na giza la madirisha yaliyofungwa, mistari miembamba ya jua imelala sakafuni. Annelot alikuwa ameketi kwenye kitanda cha pili. Nywele mbichi. Mikono juu ya mapaja.

"Nimekuamsha?" aliuliza. "Samahani."

Danuta alidhani bado anaota. Miezi saba hakuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani humo.

Annelot akaenda kulowesha kitambaa, akakikamua, akakiweka juu ya mabega ya Danuta. Kwa upole. Kitambaa kilikuwa cha baridi kama kimetoka kisimani.

"Unaumia sana? Pole. Wewe unafanya kazi nyingi, Danuta. Hakuna anayekushukuru."

Ilikuwa tamu kuyasikia maneno hayo. Danuta alifumba macho, akayapokea. Ndipo akili ikaanza kumtembelea polepole. Alimwona tena Annelot akitoka. Alijiona yeye mwenyewe akisukuma komeo. Akafumbua macho, akatazama mlango.

Komeo lilikuwa mahali pake.

"Umeingiaje?" aliuliza.

Annelot alitabasamu.

Hapo mlango ukagongwa.

Mara tatu. Kwa nguvu, kwa hasira, kwa kiganja.

"Danuta! Fungua! Umelala kama ng'ombe, wewe! Nimesahau kofia, ninaungua huku!"

Sauti ilikuwa ya Annelot. Dharau ilikuwa ya Annelot. Ile namna ya kulivuta jina la mwenzake kama mtu anayevuta kitu kilichonasa kwenye kiatu, hiyo haikuwa ya mtu mwingine duniani.

Danuta aligeuza shingo. Annelot wa kitandani alikuwa ameweka kidole midomoni.

"Usifungue," alinong'ona. "Ni huyo aliyesemwa na Shangazi."

Danuta akaganda. Shangazi alisema kwa Kiitaliano, na yeye hakuyatafsiri. Na Kiitaliano hiki alichoambiwa sasa hivi kilikuwa safi, cha kijijini, chenye lafudhi ya kale kama ya Shangazi Mena mwenyewe.

"Danuta! Nitakufukuza kwenye kile chumba, unasikia? Mwosha vyombo wee!"

Danuta akafika mlangoni. Akaweka mkono juu ya komeo. Chuma kilikuwa cha moto. Chini ya mlango, kwenye upenyo, aliona vivuli viwili vya miguu. Vilikuwa vikirukaruka, kama vya mtu aliyekanyaga mawe ya moto bila viatu.

Alijua. Hilo aliniambia mwenyewe, akinitazama usoni, na hakuna aliyemlazimisha kulisema. Alijua kabisa yupi ni yupi.

"Danuta?" Sauti ya nje ilikuwa imebadilika. "Kuna mtu huku. Anakuja kutoka chini. Danuta, hana... Fungua. Tafadhali. Nakuomba."

Nyuma yake, kitanda kililia kidogo. Yule mwingine alikuwa amesimama. Hakusogea. Alisema tu, taratibu:

"Mimi nitakuwa mwema kwako."

Danuta alifikiria miezi saba. Alifikiria vikombe vilivyoachwa sinkini ili yeye avioshe, maana si ndiyo kazi yake. Alifikiria miguu juu ya kiti cha treni. Mambo madogo. Takataka. Kwa takataka hizo akaondoa mkono kwenye komeo.

"Kaa huko," alinong'ona.

Nje, pumzi ilikatika ghafla, kama mtu aliyesikia.

Kisha kukwaruza. Chini. Chini zaidi. Kisha kitu kizito kilichoburutwa juu ya mawe, polepole, kuelekea baharini. Hakuna yowe. Yowe lingekuwa afadhali.

Kivuli kimoja kilibaki chini ya mlango muda mrefu. Hakikuwa cha mguu.

Kengele ya kanisa ilipogonga saa kumi, Shangazi Mena alitoka uani amevaa viatu vyake vya kitambaa, akavuta komeo, akafungua. Jua likaingia. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu. Kwenye ubao wa mlango, karibu na kizingiti, palikuwa na michirizi mitano, na mwishoni mwa mmoja umekwama ukucha mzima, uliopakwa rangi ya chungwa.

Shangazi Mena aliutazama. Akageuka, akamtazama Annelot aliyekuwa akikunja mashuka bila kuombwa. Vidole kumi. Kucha kumi, rangi ya chungwa, hakuna iliyopungua.

Akamsogelea Danuta.

"Ulimwambia maneno yangu yote?"

Danuta alitazama ule ukucha.

"Na alipogonga, hukufungua kwa sababu niliwakataza, au kwa sababu yako?"

Shangazi Mena alitema mate. Hakutema mbele ya yule aliyekuwa akikunja mashuka. Alitema mbele ya viatu vya Danuta.

"Nilikuwa nakiogopa kitu cha nje," alisema. "Chukua mizigo yako. Na mwenzako huyo, umemwita mwenyewe, mlishe mwenyewe. Treni ni saa kumi na moja."

Walirudi Napoli. Majirani tulimpenda Annelot kuanzia wiki hiyo, na mimi nikiwamo, sina sababu ya kuficha. Alibeba mifuko ya wazee ngazini. Aliosha vyombo. Aliongea Kiitaliano vizuri kuliko sisi tuliokaa huko miaka kumi. Mama yake alipiga simu kutoka Antwerp akilia kwa furaha: "Danuta, mpenzi, umemfanya nini mwanangu? Amekuwa mtu!" Mwezi Julai wazazi wake wakaja kumchukua, wakamkumbatia uwanja wa ndege, wakaenda naye nyumbani.

Danuta alikonda. Hakumaliza mtihani hata mmoja. Siku ya kuhama aliniita chumbani kwake, akaniketisha, akanihadithia haya yote kwa sauti ya chini, mlango umefungwa ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimwambia ukweli wangu, kwamba sijawahi kumsikia mtu akiueleza uchafu wake vizuri hivyo. Hakukasirika. Alitoa kasha la kiberiti mfukoni, akalisukuma mbele yangu.

"Ule ukucha niliung'oa mlangoni Shangazi alipogeuka," alisema. "Ulikuwa umepakwa rangi wote. Tazama sasa."

Nilifungua. Ukucha ulikuwa umelala juu ya pamba. Rangi ya chungwa ilikuwa imesogea hadi nchani. Chini yake palikuwa pameota ukucha mpya, safi, upana wa punje mbili za mchele.

"Kila wiki naukata," Danuta alinong'ona. "Unaota tena."