Kitabu Katika Mfuko Mweusi

Kila siku akitoka shule, Kavuo alivua sare, akachukua bidoni na kwenda kuteka maji kwenye bomba la mtaa. Akirudi alitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa kuwa mama yake, Débora, alishinda sokoni akiuza kabichi na vitunguu, na alifika jioni akiwa amechoka hata kusalimia. Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima kimoja cha Butembo, mahali ambapo baridi ya asubuhi huuma na vumbi la mchana huingia hadi kwenye chumvi.

Waliishi na Sikuli, kaka yake mama. Alikuwa mwalimu kule Mabalako mpaka vita vikamfukuza. Baada ya kufika Butembo alianza kusikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Hakulala, akawa anazozana na ukuta. Débora alimpeleka kwenye kituo cha wagonjwa wa akili, akapewa dawa, akarudi ametulia. "Ni vitabu njo vilimupindula akili," Débora aliwaambia majirani. "Alisoma kupita kipimo." Watu walimshukuru Mungu kwa kupona kwake, lakini waliendelea kumtazama kwa jicho la pembeni.

Kavuo naye alimtazama hivyo hivyo, na siku moja aliona jambo. Alasiri, mama akiwa bado sokoni, mjomba alitoka na mfuko mweusi wa plastiki. Aliangalia kushoto na kulia, kisha akaingia migombani nyuma ya nyumba. Punde zikasikika sauti: ya mzee anayekohoa, ya mwanamke anayegomba, ya mtoto anayelia. Aliyeingia migombani alikuwa mtu mmoja tu! Kavuo alinyata, akachungulia kati ya majani. Mjomba alikuwa peke yake, ameshika kitabu kisicho na jalada. Alipomaliza alikitia kwenye mfuko na kuufunga fundo. Kesho yake alifanya vilevile, na kesho kutwa pia.

Kavuo hakumuuliza. Alikwenda kwa jirani yao, Mama Bénite, mwanamke ambaye habari za mtaa humfikia kabla hazijatokea.

"Kitabu haina gamba? Na anaifichaka mu mufuko mweusi?" Mama Bénite aliacha kuchambua maharagwe. "Mutoto wangu, ile ni kitabu ya magie, ya uchawi! Zile sauti ni mashetani zinamujibu. Anatafuta utajiri. Na kisha zitamuomba mutu wa mu nyumba."

"Mutu gani, mama?"

"Mara mingi ni mutoto."

Pale Butembo, mfanyabiashara akijenga ghorofa, watu hawasemi kwamba aliamka mapema. Husema ana kitabu. Kavuo aliyasikia maneno hayo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Hakujiuliza ni utajiri gani huo unaomwacha mtu na suruali yenye viraka magotini. Hofu ikiingia, akili hutoka. "Kikulacho ki nguoni mwako," alijisemea.

Kesho yake, mjomba alipokwenda kuoga, Kavuo aliuvuta mfuko kutoka chini ya kitanda. Alikimbia hadi choo cha shimo, akaudumbukiza. Aliposikia umetua huko chini, alipumua. Alijiona ameiokoa nyumba nzima.

Mjomba alitafuta chini ya kitanda, jikoni na migombani. "Kavuo, uliona mufuko yangu?"

"Hapana, Tonton."

Mjomba alirudi kutafuta chini ya kitanda. Jioni ile hakula. Kesho yake alizunguka uani ameziba masikio. Haikupita wiki akatoka barabarani miguu mitupu, akiwajibu watu ambao hakuna aliyewaona, na pikipiki zikawa zinamkwepa. Watoto walicheka. Débora aliitwa kutoka sokoni, akaja mbio, kitenge kikimponyoka. Walimrudisha Sikuli uani kwa shida, akaketi chini na kujikunja.

Mama Bénite alifika na vijana wawili na kamba ya mbuzi. "Tumufunge, tumupeleke kwa chumba ya maombi. Kule batamuchunga na kamba mpaka ile shetani itoke."

"Mungojee," alisema Débora huku akilia. "Nilishaita muganga wa kituo kwa telefone."

Muuguzi Eliane, aliyemtunza Sikuli kule kituoni, alifika kwa pikipiki. Hakumshika mtu. Aliketi udongoni karibu na Sikuli, akaongea naye polepole mpaka pumzi yake ikatulia. Kisha akamgeukia Débora.

"Dawa anameza?"

"Anameza, mama. Ni miye mwenyewe namupatiaka."

"Donc kuna kitu ilibadilika hapa nyumbani. Ni nini?"

Kavuo aliitazama ile kamba, akaitazama mikono ya mjomba. Akisema, atachapwa. Akinyamaza, mjomba atafungwa kama mbuzi kwa kosa lisilo lake. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Ni miye," alisema. "Nilitupa kitabu yake mu choo. Nilifikiri ni ya magie. Nilifikiri atanitoa kwa mashetani."

Eliane alimfuta machozi. "Ile kitabu, ni miye nilimupatia. Ni hadisi ya muzee na bibi yake banagombania mbuzi, na mutoto wabo analia. Nilimwambia asome na sauti, abadilishe sauti ya kila mutu. Zile sauti zikimukujia mu kichwa, anazifunika na yake mwenyewe. Kila mutu na dawa yake, lakini yeye kusoma kunamusaidia. Dawa haiwezi achwa sababu ya kitabu. Vyote viwili vinatembea pamoja."

"Sasa juu ya nini alikuwa anaificha?" aliuliza Mama Bénite, bado hajaridhika.

Sikuli mwenyewe ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Juu mulisema vitabu njo vilinipindula. Niliogopa mutaninyanganya."

Débora aliinamisha kichwa. Vijana waliikunja kamba yao, wakaondoka bila kuaga.

Sikuli alikaa kituoni kwa siku chache ili daktari aangalie dawa zake. Aliporudi alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yametulia. Eliane alikuwa amempa kitabu kingine. Safari hii hakwenda migombani. Aliketi mbele ya nyumba, mahali ambapo kila mpita njia angemwona, na Débora mwenyewe akamletea kiti.

Kavuo alisimama mbali kidogo, haya imemjaa. Mwishowe alisogea.

"Tonton, unisamehe. Kitabu yako iliharibika juu yangu."

"Kitabu inaweza patikana ingine," alijibu Sikuli. "Ile iliniumiza ni kitu ingine. Wote muliniangalia, wote mulinisikia, na hakuna hata mumoja alikuja kuniuliza: Sikuli, unafanya nini? Uliuliza jirani, hukuniuliza miye."

"Niliogopa."

"Najua. Kuogopa si kosa. Lakini mutu ukimushuku, umuulize yeye kwanza. Mugonjwa wa akili naye ako na kinywa ya kujibu. Ukimuonea bila kumuuliza, unaweza tupa mu choo kitu yenye inamusaidia kuishi."

Kavuo alifuta macho kwa mkono wa nguo yake. Aliketi chini, karibu na miguu ya mjomba.

"Tonton," alisema, "unasoma nini?"

Sikuli alitabasamu, akarudi ukurasa wa kwanza.